Uliyeambiwa unaenda kozi ya mediki wa kivita, soma hii kabla hujapewa begi

Naandika kwa ajili yako wewe ambaye jina limesomwa paredi kwamba unaenda kozi ya mediki, na sasa hivi unajiuliza ndo utakuwa daktari au ndo utakuwa nani. Daktari huwi. Nesi pia huwi. Utabaki askari kama wenzako, unaingia lindo kama wenzako, unatembea doria kama wenzako, halafu juu ya hayo yote unabeba begi la matibabu ambalo wenzako hawalibebi na siku kikinuka wote wanaangalia upande wako.

Mi kuchaguliwa kwangu hakukuwa na maajabu. Sajini aliuliza nani alifaulu baiolojia, nikanyoosha mkono, imeisha hiyo. Kesho yake platuni nzima inaniita Dokta. Nililipenda sana lile jina mwanzoni, sikujua kwamba Dokta ndo yule anayeamshwa saa nane usiku kwa sababu mtu jino linamuuma na hataki kusubiri asubuhi.

Nitasema mapema kitu ninachokiamini ili usome yote ukijua naelekea wapi. Mediki huwa anachelewa. Si kwa uzembe, ni hesabu tu. Mtu akikatika mshipa mkubwa wa paja anaweza kumaliza damu ndani ya dakika tatu mpaka tano, na we uko nyuma ya msafara, umelala kifudifudi, risasi zinapita juu, kati yako na yeye kuna uwazi ambao ukiuvuka kijinga wanakuwa majeruhi wawili na mediki hakuna. Kwa hiyo anayemuokoa yule bwana mara nyingi si wewe, ni jirani yake aliyelala naye hapo hapo. Kazi yako kubwa ni ile uliyoifanya wiki nyingi nyuma kuhakikisha huyo jirani anajua cha kufanya. Hii kitu kwenye kozi waliigusa kidogo tu, mi nimekuja kuielewa kule kule kazini.

Sasa kozi yenyewe. Wiki za mwanzo ni darasa, mifupa, mishipa, moyo, mapafu, hiyo utasoma na utafaulu ukitulia. Kilichonisumbua mimi ni kusahau huduma ya kwanza niliyofundishwa shule. Kule tuliambiwa anza na njia ya hewa, kisha upumuaji, kisha ndo damu. Hapa wamegeuza, damu inayomwagika kwa kasi ndo ya kwanza, kisha njia ya hewa, kisha kifua, kisha mzunguko wa damu, kisha baridi na kichwa. Wanaifupisha kwa herufi tano za maneno ya Kiingereza, M A R C H, na utaziimba mpaka usingizini, mkufunzi anakukuta unakula anakuuliza "R ni nini" na kijiko kiko mdomoni.

Na huo mpangilio si mtu alikaa akabuni. Baada ya vita ya Vietnam madaktari wa jeshi la Marekani walipekua kumbukumbu za waliokufa, wakakuta vifo vingi ambavyo vingezuilika ni vya mambo matatu tu, damu ya mikono na miguu, hewa kujaa kifuani ikalibana pafu, na njia ya hewa kuziba. Mwaka 1996 wakatoa miongozo mipya ya kumtibu majeruhi wakati mapigano bado yanaendelea, na majeshi mengi sasa yanafundisha humo humo. Baadaye ukafanyika utafiti mwingine ukawaangalia wanajeshi wao 4,596 waliokufa kati ya 2001 na 2011. Karibu tisa kati ya kumi walikufa kabla hawajafika kituo cha matibabu. Kati ya hao waliokufa kabla ya kufika, kama robo walikuwa na majeraha ambayo yangeweza kuponeka, na katika hiyo robo tisa kati ya kumi waliondoka na damu. Ukishazijua hizo namba hubishani tena na mtu kwa nini begi lako limejaa vitu vya kuzuia damu na lina kipimo cha presha kimoja au hakuna kabisa.

Kitu kingine cha kozi ni zile awamu tatu. Mkiwa bado chini ya risasi unafanya mambo machache sana, unajibu mapigo, unamwambia aliyeumia ajiburute mwenyewe kwenye maficho kama anaweza, na damu ya mkono au mguu unaikaza kwa mkanda wa kubana damu basi. Hakuna cha kufungua kifua, hakuna sindano. Mkufunzi wetu alikuwa anapiga kelele kwamba dawa ya kwanza ni kushinda mapigano, tulikuwa tunacheka, lakini ndo ukweli wenyewe. Mkishapata maficho ndo unaifuata MARCH yote kwa utulivu. Awamu ya tatu ni kumsafirisha. Watu wengi kwenye mitihani walikuwa wanafeli hapo kwenye kutenganisha, anaanza kumpima mtu mapigo ya moyo katikati ya uwanja wakati "adui" anampiga na vipira vya rangi mgongoni.

Nikae kidogo kwenye mkanda wa kubana damu, maana kama hutakumbuka kingine chochote humu kumbuka huu. Ni utepe mpana wenye kijiti cha kuzungushia. Chini ya risasi unaufunga juu kabisa ya mkono au mguu, juu ya nguo, huna muda wa kutafuta jeraha liko wapi. Mkishakuwa salama unachana nguo, unafunga kwenye ngozi, sentimita tano mpaka nane juu ya jeraha, na usifunge kwenye goti lenyewe wala kwenye kiwiko chenyewe. Kabla hujagusa kijiti vuta kwanza ule utepe mpaka vidole vyako vitatu visipite chini yake. Hapa ndo karibu darasa zima tulikuwa tunakwama, mtu anaacha utepe umelegea afu anazungusha kijiti raundi nyingi akidhani atafidia, utepe unajikunja unakuwa kama kamba, unamuumiza mgonjwa na damu bado inatoka. Utepe ukivutwa vizuri kijiti hakihitaji raundi nyingi. Zungusha mpaka damu isimame na mapigo ya chini yake yapotee, funga kijiti, andika saa. Ukiona bado inachuruzika weka mwingine pembeni yake, upande wa juu.

Na angalia mfuko wa suruali! Kombati zina mifuko mikubwa ya mapajani, watu wanaweka humo simu, daftari, magazini, biskuti. Ukifunga mkanda juu ya mfuko wenye vitu unabana vitu, hubani mshipa. Mi kwenye platuni yangu niliomba mpaka nikaonekana kero, mifuko ya mapajani iwe mitupu tukitoka doria.

Huo mkanda unauma vibaya mno. Mtu uliyekula naye asubuhi atakutukana matusi ambayo hujawahi kuyasikia na atakuomba ulegeze. Usilegeze kwa huruma. Kuna wazee watakwambia ukifunga mkanda mguu lazima ukatwe, hiyo hofu ndo iliua watu miaka na miaka. Ndani ya saa mbili kwa kawaida hakuna shida. Mkikaa muda bila kusafirishwa, na kama majeruhi hayuko kwenye mshtuko (yaani mwili kuzidiwa kwa kupungukiwa damu, si woga), kiungo hakijakatika, na unaweza kumwangalia kwa karibu, jaribu kuhamia kwenye gozi, kile kitambaa chepesi cha kushindilia jeraha, na bandeji ya kukandamiza kabla saa mbili hazijaisha. Ukishapita saa sita usiuguse, waachie hospitali.

Kuna sehemu mkanda haufungiki, kinenani, kwapani, shingoni. Hapo ni gozi yenye dawa ya kugandisha damu, na hapa mikono yako ndo inafanya kazi. Unaishindilia ndani ya jeraha mpaka chini kabisa ambako damu inatokea, kidole baada ya kidole bila kuachia, ukijaa unakandamiza kwa uzito wa mwili dakika tatu kamili. Dakika tatu za saa, si za kukisia. Sisi tulifanyia mazoezi kwenye kipande kikubwa cha nyama kilichochomekwa mpira unaosukuma maji mekundu, na kila mtu, nasema kila mtu, alichungulia kabla ya muda. Ukichungulia umeharibu, donge lililoanza kushika linaondoka na gozi.

Tumbo na kifua kwa ndani huwezi kubana. Hakuna mkanda wa tumbo. Nitarudi hapo.

Kwenye njia ya hewa nilijifunza kutomlaza chali mtu aliyepigwa usoni. Ukimkuta ameketi ameinama mbele damu inadondoka chini mwache hivyo hivyo, mwili wake umeshajua, ukimlaza chali anazama kwenye damu yake mwenyewe. Asiye na fahamu mlaze ubavu, au mpitishie ule mrija laini wa puani uliopakwa jeli. Kifuani, tundu lolote kuanzia shingoni mpaka kitovuni liwekee plasta maalum yenye vali, yaani kijitundu kinachotoa hewa bila kuirudisha ndani, halafu zungusha mikono mgongoni na makwapani yote mawili, ukimaliza kila sehemu angalia kiganja kina damu au hakina. Na hapa niseme kitu kidogo ambacho hakuna aliyeniambia: glovu nyeusi zinapendeza kwenye picha lakini damu haionekani juu yake. Omba za bluu au rangi yoyote nyepesi. Baada ya kubandika plasta akizidi kuhema kwa shida inua kona yake hewa itoke, bado ikigoma ndo inakuja ile sindano ndefu ya sentimita nane ya kutoa hewa kifuani, na hiyo usiguse kama hukusomea na kupimwa.

Dripu sasa. Kila aliyetoka kozini anapenda dripu, inakufanya uonekane daktari. Maji ya chumvi hayabebi hewa, yanazimua damu iliyobaki na kuipandisha presha mpaka donge lililoziba jeraha linang'oka. Kama anaongea kwa akili zake na mapigo ya kifundo cha mkono unayasikia, tulia na dripu yako. Anachohitaji aliyepoteza damu nyingi ni damu, na ile dawa ya kusaidia damu isiyeyushe madonge, tranexamic acid, ambayo inatakiwa ndani ya saa tatu tangu aumie na mapema zaidi ndo nzuri zaidi.

Baridi ndo watu wanaipuuza kuliko zote. Jua linawaka, wote mnatokwa jasho, nani anafikiria blanketi? Lakini mtu aliyepoteza damu anapoa hata juani, na damu ikipoa haigandi vizuri, isipoganda anavuja zaidi, akivuja anapoa zaidi. Mtoe chini kwanza, weka turubai au chochote kati yake na ardhi, vua kilicholowa, mfunike.

Basi nikamaliza kozi nikapewa begi. Lilikuwa na kila kitu kilichoandikwa kwenye fomu na lilikuwa zito kupita maelezo. Nikaondoka nalo hivyo hivyo kwenye doria za mazoezi, mwendo wa usiku, na kila tuliporudi nilikuwa natoa kitu. Kipima sauti ya moyo kikatoka, kwenye kelele za bunduki na injini husikii chochote. Vifaa vya kushona vikatoka. Dripu nyingi zikaenda kwenye gari. Badala yake nikaongeza mikanda, gozi, taa ya kichwani yenye mwanga mwekundu, betri, kalamu nene ya wino usiofutika, plasta ya gundi ngumu, na mkasi wa kuchania nguo ambao niliufunga kwa kamba kwenye vesti maana mkasi ndo kitu kinachopotea kuliko vyote duniani.

Panga begi kwa kufuata MARCH, cha kwanza kutumia kiwe cha kwanza mkono kukigusa. Afu jifungie giza, kitambaa machoni, mwambie mwenzako ataje kitu we ukitoe. Mi nilikuwa nafanya hivyo kila jioni nikiwa sina lindo, watu wanacheka, na ndo nikagundua pakiti za gozi hazifunguki na vidole vyenye damu, kwa hiyo nikawa nabandika kijisikio cha plasta kwenye ile sehemu ya kuchania ili kidole kipate pa kushika. Vitu vya haraka usiviweke begini kabisa, viweke kwenye mkanda wa kiunoni au kwenye vesti, kwa sababu begi unaweza kulazimika kuliacha.

Na kagua unachopewa. Kuna mikanda ya kubana damu feki duniani, inafanana na ya kweli mpaka nembo, lakini kijiti kinapinda au kinakatika ukizungusha kwa nguvu. Sisi tuliletewa boksi zima, tukajaribu mmoja kwenye paja la jamaa mmoja kijiti kikakunjika mkononi mwangu. Nilipolalamika kwa waliotuletea niliambiwa nisiwe msumbufu, nikaandika ripoti nikaipitisha kwa kamanda, ikachukua muda sana mpaka boksi kubadilishwa. Na ile ya mazoezi itenganishe na ya kazi, nyingi za mazoezi zinatengenezwa rangi ya bluu kwa sababu hiyo, mkanda uliokazwa mara nyingi unachoka.

Kila askari pia ana kipakiti chake mwenyewe, mkanda, gozi, bandeji, plasta ya kifua. Sheria ni kwamba unamtibu kwa vya kwake kwanza, vya kwako ni akiba ya yule wa tatu na wa nne. Ili hilo liwezekane platuni nzima iweke kipakiti sehemu moja, ile ile, ili hata gizani mkono uende wenyewe. Nilipofika nilikuta kila mtu ameweka anapopenda, mwingine kaweka sigara humo. Na plastiki ya nje ya mkanda toa, unakaa tayari umeshakunjwa.

Hapo ndo narudi kwenye lile la mwanzo. Kuna kikosi kimoja cha Marekani, 75th Ranger, ambacho tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 makamanda wake waliamua kila askari ajue kumtibu mwenzake, si mediki peke yake. Walipochambua majeruhi wao wa kuanzia 2001 mpaka 2010, 419, hawakukuta hata mmoja aliyekufa kabla ya kufika hospitali kwa sababu ambayo ingezuilika. Mi niliposikia habari hiyo kwa mkufunzi niliiandika kwenye jalada la daftari. Nikaenda kwa sajini nikamwambia, afande, naomba robo saa kila baada ya mazoezi ya asubuhi, akaniangalia, akasema chukua dakika kumi. Nikazichukua. Mkanda kwa mkono mmoja, wa kushoto, wa kulia, ukiwa umelala, ukiwa umelowa, gizani. Walinichukia kabisa.

Siku yenyewe ilikuwa doria ya kawaida, tunarudi. Mlipuko mbele, kisha risasi. Nilikuwa nyuma na sikuweza kusogea kwa muda ambao hata sasa siwezi kukwambia ni mrefu kiasi gani, muda kule unavutika. Nilipofika nilikuta dogo mmoja, mgeni, amemlalia mwenzake, ameshika kijiti cha mkanda kwa mikono miwili na hataki kukiachia, vidole vimekuwa vyeupe, suruali yote imelowa damu lakini damu yenyewe imesimama.

"Dokta nimekaza, nimekaza lakini analia!"

"Akilia yuko hai. Kijiti umeshakifunga, achia sasa, shika kichwa chake uongee naye."

Ilibidi nimtoe vidole kimoja kimoja. Niliandika saa aliyonitajia, nikaanza MARCH upya kama sijui kitu, na ndo nikakuta kitundu kidogo kwapani nyuma ambacho hakuna aliyekiona kwa sababu wote tulikuwa tunaangalia mguu. Yule bwana anatembea leo. Aliyemuokoa ni yule dogo, mi nilikuta kazi imefanyika.

Mwambie aliyeumia unachofanya, na ukimpa dawa kali ya maumivu au ukiona anaweweseka chukua bunduki yake, mabomu ya mkono na redio kabla hujafanya kingine. Ketamini, mojawapo ya hizo dawa kali, inamfanya mtu aone mambo yake, na hutaki ayaone akiwa na silaha. Kabla ya kutoka doria waambie wenzako pia wasimeze aspirini ovyo, inaharibu kuganda kwa damu. Na hizo dawa kali utazisainia ampuli kwa ampuli, yaani kichupa kwa kichupa, moja ikivunjika bila shahidi umejitafutia msala wa maandishi.

Machela haifanani na kwenye picha. Watu wanne wenye nguvu wanachoka mikono upesi sana, kinachokufa kwanza ni vidole. Mazoezi yake ni kubeba mifuko ya mchanga kwenye machela halisi, kwenye mlima, mkibadilishana bila kuiweka chini. Mfunge mgonjwa mikanda yote ya machela hata kama njia ni fupi. Helikopta ikifika au gari likifika huna muda wa hadithi, sema alipigwa na nini, ameumia wapi, hali yake ikoje, umempa nini, na kadi yake, ile uliyoandika majeraha na matibabu, iwe imefungwa kwake, si mfukoni mwako. Nimeona kadi ikibaki mfukoni mwa mediki wa platuni nyingine na mgonjwa yuko angani.

Kuna siku nyingine ambayo nayo lazima niiseme. Tulikuwa na majeruhi wawili, mmoja wetu kapigwa mkononi, mwingine ni wa upande wa pili, mguu umeharibika. Nikaanza na huyu wa mguu. Jamaa yangu mmoja akaja juu, "Dokta, huyu ndo katupiga asubuhi, unamshughulikia kabla ya mwenetu?" Sikuwa na muda wa kumjibu, sajini akamwambia kwa sauti ya chini akae pembeni. Mikataba ya Geneva ya 1949 inasema wazi kwamba anayetangulia anatangulia kwa uharaka wa jeraha tu, si kwa sare aliyovaa. Ndo mkataba huo huo unaokulinda wewe na kitambaa chako cha mkono wa kushoto, msalaba mwekundu, hilali nyekundu, au ile kristali nyekundu yenye umbo la almasi iliyoongezwa kwa itifaki ya 2005, na unakuruhusu kubeba silaha ndogo ya kujilinda na kumlinda mgonjwa wako. Siku hizi mediki wengi hawavai alama wanapokuwa mstari wa mbele, hilo kamanda wako ataamua, lakini kanuni ya nani atangulie haibadiliki. Huyo jamaa yangu tulinuniana wiki nzima. Yaongeeni haya mkiwa kambini, mapema, kabla hamjawa na mtu chini.

Lakini usije ukadhani maisha yote ni milipuko. Siku nyingi kabisa kazi yangu ilikuwa miguu. Malengelenge, fangasi, kucha zilizoingia nyama. Unapita jioni unasema vua buti nione vidole, mtu mzima ana cheo anakuficha soksi. Kisha kuhara, kisha malaria na kukumbusha watu dawa na vyandarua, kisha kupigania choo kichimbwe mbali na maji. Vita ya Crimea ya miaka ya 1850 magonjwa yaliua wanajeshi wengi kuliko mapigano na hiyo hali ilikuwa ya kawaida kwenye vita nyingi za zamani, sasa we jifanye huna muda wa kuangalia mapipa ya maji uone platuni itakavyolala. Joto nalo, mtu akianza kuongea ovyo na mwili unawaka, mpoze kwanza hapo hapo kwa maji mengi iwezekanavyo, ndo umsafirishe. Kumpakia kwenye gari akiwa bado anawaka ni kumpoteza njiani.

Nilisema nitarudi kwenye tumbo. Yupo mmoja ambaye nilifanya kila kitu kwa mpangilio, kadi iliandikwa vizuri, usafiri ulikuja haraka kuliko tulivyotegemea, na hakufika. Alikuwa anavujia ndani. Daktari wa upasuaji aliniambia baadaye kwamba hata angekuwa mlangoni kwake ingekuwa ngumu. Nilimsikia lakini haikuingia. Nilikaa miezi nikiwa nanawa mikono mara nyingi kuliko kawaida, mlango ukibamizwa niko chini, nyumbani nagombana na watu kwa vitu vya kijinga, usingizi ukawa vipande vipande. Nilipoomba kuonana na mtaalamu wa afya ya akili, mkubwa mmoja wa kazini akaniambia nisijifanye mgonjwa ili nikwepe kazi. Nikanyamaza tena muda mrefu kwa sababu ya hiyo kauli moja.

Kilichonisaidia kwanza walikuwa mediki wenzangu wa platuni nyingine, tulikuwa tunakaa tunapitia tukio hatua kwa hatua, nani alifika saa ngapi, nini kilifanyika, nini hakikufanyika, bila kutafutana lawama. Usilifanye peke yako kichwani usiku, kichwani huwa unabadilisha majibu. Kisha nikaenda kwa mtaalamu kwa njia yangu. Wasiwasi na ndoto wiki za mwanzo ni kawaida kwa mtu yeyote, ila ikipita mwezi mmoja na bado uko vile vile nenda, usisubiri ruhusa ya mtu ambaye hajawahi kumshika mgonjwa. Na yule dogo wa kijiti, mkumbuke na yeye. Wa kwangu nilimfuata nikamuuliza analalaje, akasema vizuri tu Dokta, nikamuuliza tena siku nyingine akasema halali kabisa.